Maktaba ya programu katika mfumo wa uendeshaji

Maktaba ya programu ni mkusanyo wa vipande vya msimbo vilivyoandikwa ili vitumiwe na programu nyingi, badala ya kila mwandishi wa programu kuviandika upya. Katika mradi wa mfumo wa uendeshaji (huitwa pia mfumo endeshi), kila maktaba lazima ipewe mahali pake: ndani ya kiini cha mfumo, katika mfumo wa msingi, katika hazina ya vifurushi vya ziada, au ndani ya programu inayoitumia.

Uamuzi huo huonekana mdogo, hasa kama maktaba yenyewe ina mistari mia chache tu. Hata hivyo ndio unaoamua nani ataitunza, nani atarekebisha kasoro zake, programu ngapi zitaathirika ikiharibika, na mtumiaji atapakua data kiasi gani ili apate toleo lililo salama. Mabishano kuhusu maktaba ndogo yamewahi kuchukua miaka mingi katika miradi mikubwa kama Linux na ile ya familia ya BSD.

Makala hii inahusu maktaba za programu. Kwa nyumba ya kutunzia vitabu, tazama Maktaba.

## Jina na maana

Neno "maktaba" limetoka katika Kiarabu, katika mzizi k-t-b unaohusu kuandika. Mzizi huo ndio uliozaa pia maneno "kitabu" na "katibu". Katika fani ya kompyuta, maktaba si mahali pa kusoma, bali ni faili au kundi la faili zenye kazi zilizokwisha kuandikwa: kupanga orodha, kubana data, kusimba ujumbe, kunakili maandishi na nyingine nyingi.

Maktaba huunganishwa na programu kwa njia mbili kuu:

* Unganisho tuli: msimbo wa maktaba hunakiliwa ndani ya programu wakati wa kuitengeneza. Programu hujitegemea, lakini hubeba nakala yake yenyewe.
* Unganisho shirikishi: programu hubeba jina la maktaba tu, na mfumo huitafuta maktaba hiyo programu inapoanza kuendeshwa. Nakala moja huhudumia programu nyingi.

Tofauti hiyo inafanana na ya kitabu cha rejea. Kamusi inaweza kuwekwa mezani kwa kila mwanafunzi wa shule fulani ya Butiama, katika kabati la shule, au katika maktaba ya mkoa mjini Musoma. Nakala za mezani hufikiwa haraka, lakini toleo jipya likitoka zote hupitwa na wakati, na kila moja hubidi ibadilishwe peke yake. Nakala ya Musoma hubadilishwa mara moja kwa faida ya wote, lakini anayeihitaji lazima asafiri, na siku maktaba ikifungwa hakuna anayeipata. Maktaba za programu zina faida na hasara zilezile.

## Historia

Maktaba za programu ni za zamani kuliko mifumo endeshi. Kwenye kompyuta ya EDSAC, iliyoanza kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1949, kazi za kawaida za hesabu zilitunzwa kwenye tepu za karatasi zilizotobolewa. Mtumiaji alichukua tepu aliyoihitaji kutoka kabatini na kunakili yaliyomo kwenye tepu yake. Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walieleza utaratibu huo katika kitabu chao cha mwaka 1951 kuhusu kuandaa programu. Kwa hiyo jina "maktaba" lilikuwa na maana ya moja kwa moja: palikuwa na kabati, na vitu vya kuazima.

Mfumo wa Unix, ulioanzishwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, ulileta saraka za `/lib` na `/usr/lib`. Mgawanyo huo ulitokana kwa sehemu na udogo wa diski za wakati ule: vitu vilivyohitajika kuwasha mashine viliwekwa kwenye diski ya kwanza, na vilivyobaki kwenye ya pili. Baadaye diski zilikua, lakini mgawanyo ulibaki kwa miongo mingi. Fedora iliziunganisha saraka hizo mwaka 2012 katika toleo lake la 17, na Debian ilifanya muundo wa pamoja kuwa wa lazima katika toleo la 12 la mwaka 2023.

Maktaba shirikishi zilienea katika mifumo ya Unix katika miaka ya 1980. SunOS 4.0 ya mwaka 1988 ni mfano mmojawapo uliofuatwa na wengi. Kabla ya hapo karibu kila programu ilibeba nakala yake yenyewe.

## Mahali panapowezekana

### Ndani ya kiini

Kiini ni sehemu ya mfumo inayosimamia maunzi, kumbukumbu na mgawanyo wa muda wa prosesa. Msimbo wa kiini hauwezi kuita maktaba za kawaida za programu. Hauna maktaba ya C ya kawaida, nafasi yake ya stakabadhi za muda ni finyu, na kwa kawaida hautumii hesabu za desimali. Kwa hiyo kiini cha Linux kina saraka yake iitwayo `lib/`, yenye kazi zinazotumiwa na sehemu nyingi za kiini, kama vile kupanga orodha na mti mwekundu-mweusi wa kutafutia data.

Kanuni inayofuatwa kwa kawaida ni kwamba msimbo wenye mtumiaji mmoja hukaa karibu na mtumiaji huyo, na huhamia `lib/` pale tu watumiaji wanapokuwa wengi. Mfano ni `fib_trie`, muundo wa kutafuta njia za pakiti za mtandao ulioandikwa na Robert Olsson wa Sweden pamoja na wenzake, na kuingizwa katika Linux 2.6.13 mwaka 2005. Ingawa ni muundo wa data ambao kinadharia ungeweza kutumika kwingine, umekaa katika saraka ya `net/ipv4`, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo pekee inayouhitaji.

Kosa katika kiini ni hatari kuliko kosa la programu ya kawaida. Linaweza kusimamisha mashine nzima au kumpa mshambuliaji mamlaka yote. Kwa sababu hiyo watunzaji wa viini hupendelea kuacha nje kila kinachoweza kufanywa nje.

### Katika mfumo wa msingi

Miradi ya FreeBSD, OpenBSD na NetBSD hutoa kiini pamoja na zana na maktaba zake kama kitu kimoja, katika hazina moja ya msimbo. Katika FreeBSD, kiini kipo katika saraka ya `sys`, maktaba zilizoandikwa au kusimamiwa na mradi zipo katika `lib`, na msimbo uliotoka kwa miradi mingine huwekwa katika `contrib`. Mpangilio huo humwonyesha kila msomaji wa msimbo kazi ni ya nani: kasoro ya `lib` hurekebishwa hapohapo, ilhali ya `contrib` hupelekwa pia kwa mradi ilikotoka, ili mabadiliko yasipotee toleo jipya linapoingizwa.

Maktaba ikiingia katika mfumo wa msingi huwa ahadi. Programu za watu wengine huanza kuitegemea, na mradi hulazimika kutobadilisha kiolesura chake kwa miaka. FreeBSD ilipata njia ya kati: maktaba inayohitajika na zana za msingi tu huwekwa kama maktaba ya faragha. Kwa mfano SQLite huwekwa kwa jina `libprivatesqlite3`. Zana za mfumo huitumia, lakini programu za nje hazitarajiwi kuigusa, na mradi hubaki na uhuru wa kuibadilisha.

### Katika hazina ya vifurushi

Maktaba isiyohitajika kuwasha au kuendesha mfumo wenyewe kwa kawaida huachwa kuwa kifurushi. Katika FreeBSD vifurushi huingia chini ya `/usr/local`, mbali na mfumo wa msingi. Katika Debian na mifumo mingine mingi ya Linux karibu kila kitu ni kifurushi, pamoja na maktaba ya C yenyewe, kwa hiyo swali hubadilika: si "ndani au nje", bali kifurushi kipi kitegemee kipi, na vipi viwekwe kwenye kila mashine bila kuombwa.

### Ndani ya programu inayoitumia

Mwandishi wa programu anaweza kunakili maktaba yote ndani ya mradi wake. Programu hupata toleo lilelile lililojaribiwa, na mtumiaji hahitaji kuweka kitu kingine. Ubaya wake hujitokeza kasoro inapogunduliwa: kila nakala lazima itafutwe na kurekebishwa peke yake, na mara nyingi hakuna anayejua zipo ngapi. Sera ya Debian huwataka watunzaji wa vifurushi waepuke nakala za namna hiyo pale maktaba inapopatikana tayari katika mfumo.

## Vigezo vya uamuzi

Miradi hutofautiana, lakini maswali yanayoulizwa mara nyingi ni haya:

* Idadi ya watumiaji. Je, kuna programu au sehemu ngapi zinazoihitaji leo, si zile zinazodhaniwa kuja kesho? Maktaba yenye mtumiaji mmoja kwa kawaida haistahili mahali pa pamoja.
* Hatua inapohitajika. Kinachohitajika kabla diski zote hazijafunguliwa lazima kiwe katika kiini au katika sehemu inayopakiwa mwanzoni.
* Uthabiti wa kiolesura. Maktaba inayobadilika kila mwezi ikiwekwa katika mfumo wa msingi huvunja programu zinazoitegemea.
* Mtunzaji. Nani atajibu ripoti za kasoro baada ya mwandishi wa kwanza kuondoka? Swali hili huamua mambo mengi kuliko ubora wa msimbo.
* Leseni. Kiini cha Linux hutumia GPL toleo la 2. Miradi ya BSD hupendelea leseni zenye masharti machache: katika FreeBSD 10.0 ya mwaka 2014, kompaila ya Clang ilichukua nafasi ya GCC kwenye majukwaa makuu, na leseni ilikuwa sababu mojawapo.
* Kasi ya marekebisho ya usalama. Maktaba inayosoma data kutoka mtandaoni huhitaji njia fupi ya kusambaza marekebisho.
* Ukubwa na utegemezi. Maktaba ndogo inayovuta nyingine kumi nyuma yake si ndogo tena.

## Mifano

### strlcpy na strlcat

Mwaka 1998 Todd Miller na Theo de Raadt wa OpenBSD walitoa kazi mbili fupi, `strlcpy` na `strlcat`, za kunakili na kuunganisha maandishi bila kuvuka mwisho wa nafasi iliyotengwa. Makosa ya kuvuka nafasi yalikuwa, na bado ni, chanzo kikubwa cha udhaifu wa usalama katika lugha ya C. FreeBSD, NetBSD na Solaris zilizichukua mapema.

Watunzaji wa glibc, maktaba ya C inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, walizikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba kazi hizo hukata maandishi marefu kimyakimya, na kwa hiyo huweza kuficha kosa badala ya kulizuia. Matokeo yake programu nyingi zilibeba nakala zake zenyewe, na ikaundwa maktaba ndogo ya libbsd ili kuzileta kazi hizo kwenye Linux kutoka nje. Mwishowe glibc 2.38 ilizikubali mwezi wa Agosti 2023, miaka 25 baada ya kuanzishwa, na kiwango cha POSIX cha mwaka 2024 kikazijumuisha. Kiini cha Linux kilielekea kinyume: kiliiondoa `strlcpy` katika toleo la 6.8 la mwaka 2024 na kubaki na `strscpy`, ambayo haisomi chanzo kupita inavyohitaji. Hivyo kazi ileile ilionekana inafaa mahali pamoja na haifai pengine.

### zlib

Maktaba ya kubana data ya zlib ilitolewa mwaka 1995 na Jean-loup Gailly na Mark Adler. Kwa kuwa ilikuwa ndogo na leseni yake nyepesi, ilinakiliwa ndani ya programu nyingi, kikiwemo kiini cha Linux. Mwezi wa Machi 2002 iligundulika kasoro iliyofanya sehemu moja ya kumbukumbu iachiliwe mara mbili. Mifumo iliyotumia zlib kama maktaba shirikishi ilibadilisha faili moja. Programu zilizobeba nakala zake zilihitaji kutafutwa na kurekebishwa moja baada ya nyingine. Tukio hilo lilikuwa funzo kubwa kuhusu gharama ya nakala zilizofichika.

### Zinc na WireGuard

Mwaka 2018 Jason Donenfeld alipendekeza WireGuard, njia ya kuunganisha mitandao kwa usimbaji, iingizwe katika kiini cha Linux. Pamoja nayo alileta maktaba ndogo ya usimbaji iliyoitwa Zinc. Kiini kilikuwa tayari na mfumo wa usimbaji, lakini katika mfumo huo programu huomba kanuni kwa jina, na kiini huchagua utekelezaji wakati wa kuendesha. Utaratibu huo unafaa kwa vifaa maalumu vya usimbaji, lakini ni mzito kwa anayejua tangu mwanzo kwamba anataka kanuni moja tu. Zinc ilitoa kazi za kuitwa moja kwa moja.

Wachache walipinga WireGuard yenyewe. Ubishi ulikuwa juu ya mahali pa Zinc. Wahusika wa mfumo uliokuwepo walihofia kwamba kiini kingekuwa na maktaba mbili sambamba, zenye watunzaji tofauti na nakala tofauti za kanuni zilezile. Baada ya zaidi ya mwaka mmoja, mwezi wa Septemba 2019, Donenfeld alikubali suluhu. Ard Biesheuvel na wengine waliandaa kazi za ChaCha20, Poly1305, BLAKE2s na Curve25519 katika saraka ya `lib/crypto`, zikiitwa moja kwa moja kama Zinc ilivyotaka, lakini chini ya usimamizi uleule wa zamani. Jina la Zinc likaachwa. Kazi hizo ziliingia katika Linux 5.5 mwezi wa Januari 2020, na WireGuard ikafuata katika Linux 5.6 mwezi wa Machi mwaka huo.

### Zstandard

Maktaba ya kubana data ya Zstandard, iliyotengenezwa na Yann Collet katika kampuni ya Facebook, iliingia katika kiini cha Linux toleo la 4.14 mwaka 2017. Nakala ya kiini ilikuwa imehaririwa kwa mkono ili ifuate mtindo wa uandishi wa Linux. Kwa sababu hiyo kila toleo jipya la mradi wa asili lilikuwa vigumu kuhamishwa, na nakala ya kiini ilibaki nyuma kwa takribani miaka minne. Katika Linux 5.16 ya Januari 2022 nakala hiyo ilibadilishwa kwa msimbo unaozalishwa moja kwa moja kutoka mradi wa asili. Mtindo wake si wa Linux, lakini kuusasisha ni rahisi zaidi.

### LibreSSL na libtls

Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro ya Heartbleed katika maktaba ya OpenSSL, iliyowezesha mtu wa mbali kusoma sehemu ya kumbukumbu ya seva. Mwezi huohuo wasanidi wa OpenBSD walitenga nakala yao ya OpenSSL, wakafuta sehemu kubwa ya msimbo wa zamani na kuiita LibreSSL. Waliongeza pia maktaba ndogo, libtls, yenye kiolesura kifupi ili mwandishi wa programu asiweze kukosea kirahisi. Hapo mradi wa mfumo endeshi uliamua kubeba wenyewe mzigo wa maktaba ambayo awali ilitoka nje.

### XZ

Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ yalikuwa na msimbo wa siri wa kuingilia seva. Aligundua baada ya kuona kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH kulichelewa kwa takribani nusu sekunde kuliko kawaida. Msimbo huo uliingizwa na mtu aliyetumia jina la Jia Tan, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alijenga imani katika mradi uliokuwa ukitunzwa kwa kujitolea.

Swali la mahali lilikuwa kiini cha tukio hilo. OpenSSH yenyewe haitumii maktaba ya liblzma ya XZ. Lakini baadhi ya wasambazaji wa Linux waliiongezea OpenSSH unganisho na maktaba ya systemd ili itoe taarifa kwamba imeanza, na maktaba hiyo ilitegemea liblzma kwa kazi nyingine kabisa. Kwa njia hiyo maktaba ya kubana faili ilijikuta ndani ya programu inayolinda mlango wa seva. FreeBSD na OpenBSD hazikuathirika. Baada ya hapo systemd iliendeleza utaratibu wa kupakia maktaba kama liblzma pale tu zinapohitajika.

## Mkoa wa Mara

Nchini Tanzania suala la mifumo midogo ya Linux lilipata uwanja wa majaribio katika mkoa wa Mara, kupitia mradi wa ICT4RD wa teknolojia ya habari kwa maendeleo vijijini. Mradi huo ulikuwa ushirikiano wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na chuo kikuu cha KTH cha Stockholm, Sweden. Katika wilaya za Bunda na Serengeti ulijengwa mtandao wa majaribio ulioitwa Serengeti Broadband Network. Wazo mojawapo lilikuwa kutumia nyuzi za mwanga za shirika la umeme TANESCO kufikisha intaneti ya kasi mahali ambapo kampuni za simu hazikuona faida.

Amos Nungu, ambaye baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH, aliandika tasnifu yake ya uzamivu ya KTH ya mwaka 2011 kuhusu uendelevu wa mitandao ya namna hiyo, akitumia mfano wa Tanzania. Mwaka huohuo yeye, Robert Olsson na Björn Pehrson walichapisha utafiti kuhusu namna ya kuipatia nguvu ya umeme mitandao ya maeneo yanayoendelea. Olsson ni yuleyule mwandishi wa `fib_trie`, na pia ni mmoja wa watengenezaji wa Bifrost, mfumo mdogo wa Linux kwa ajili ya ruta unaoendeshwa kutoka kwenye kijiti cha USB.

Mahali ambapo umeme hukatika na fundi yuko mbali, ruta iliyoundwa kwa kompyuta ya kawaida inayotumia umeme mdogo na programu huria ina faida: vipuri hupatikana na msimbo huweza kusomwa na wanafunzi. Lakini nafasi ya kuhifadhi ni ndogo, kwa hiyo uchaguzi wa maktaba huonekana wazi. Ndiyo sababu mifumo midogo kama Alpine na OpenWrt hutumia musl, maktaba ya C iliyoanzishwa na Rich Felker na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2011, badala ya glibc iliyo kubwa zaidi.

### Gharama ya data

Athari ya uamuzi huu kwa mtumiaji wa mwisho inaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi. Tuchukue maktaba yenye kilobaiti 200, inayotumiwa na programu 30 zenye wastani wa megabaiti 5 kila moja. Kasoro ikirekebishwa, kompyuta moja itapakua:

* kilobaiti 200, kama maktaba ni shirikishi;
* megabaiti 150, kama imeunganishwa tuli ndani ya kila programu.

Kwa shule ya Bunda yenye kompyuta 40, tofauti ni kati ya megabaiti 8 na megabaiti 6,000, yaani takriban gigabaiti 6. Shule inayonunua vifurushi vya data vya simu inaweza kumudu kiasi cha kwanza siku hiyohiyo. Kiasi cha pili kitaahirishwa, na kompyuta zitabaki na kasoro inayojulikana. Njia ya kupunguza mzigo ni kuwa na hazina ya ndani: seva moja hupakua kila kifurushi mara moja, na kompyuta nyingine huchukua kutoka kwenye seva hiyo kupitia mtandao wa shule. Hata hivyo lazima awepo mtu wa kuitunza seva hiyo.

## Maktaba na lugha ya Kiswahili

Swali la mahali huhusu pia data za lugha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili. Katika kazi za namna hiyo, tafsiri za menyu ni mali ya programu husika na hukaa ndani yake. Orodha ya maneno ya kukagulia tahajia, kwa upande mwingine, inaweza kutumiwa na programu zote.

Ndiyo kazi ya Hunspell, maktaba ya kukagua tahajia iliyoandikwa na László Németh. LibreOffice na Firefox huitumia, na faili ya maneno iliyowekwa katika saraka ya pamoja ya mfumo huweza kuzihudumia zote. LibreOffice ina faili ya Kiswahili iitwayo `sw_TZ`. Majina ya siku na miezi na mpangilio wa tarehe na fedha hukaa chini zaidi: glibc ina mipangilio ya `sw_TZ` na `sw_KE`, na hazina ya CLDR ya shirika la Unicode ina data za Kiswahili kwa Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Lugha nyingine za Mara kama Kijita, Kikurya na Kizanaki zinaweza kufuata njia hiyohiyo. Faili ya tahajia ya Kijita ikiwekwa ndani ya programu moja ya simu, itakufa na programu hiyo. Ikiandikwa kwa mfumo wa Hunspell na kuwekwa kama kifurushi chenye leseni huria, kila programu inayotumia Hunspell itaweza kuisoma, na anayeongeza neno moja huwa amewaongezea wote.

## Tazama pia

* Mfumo wa uendeshaji
* Linux
* FreeBSD
* Programu huria
* Usimbaji
* Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam
* Mkoa wa Mara